Sony A7 III katika harusi za Unguja: kamera na amana ya chumbani

Kabla sijaitoa kamera kwenye mkoba katika nyumba ya harusi hapa Unguja, kwa kawaida huulizwa swali moja, na anayeuliza mara nyingi ni bibi au shangazi mkubwa aliyekaa karibu na mlango wa chumba anamopambwa bibi harusi: "Mwanangu, picha hizi zinakwenda wapi?" Swali hilo si la udadisi. Ndani ya chumba kile wanawake wamevua mabaibui, nywele zimefumuliwa na kufukizwa udi, bibi harusi amekwisha kusingwa kwa siku kadhaa na mikono yake imejaa hina na piko, na somo yake, yule mwanamke anayemfunza mambo ya unyumba, yupo pembeni akimnong'oneza mambo ambayo si ya kusikiwa na kila mtu. Mtu anayeingia na kamera ameingia mahali ambapo hata baba mwenye nyumba hatii mguu siku hiyo. Kwa sababu hiyo tathmini hii ya Sony A7 III, kamera ninayofanyia kazi ya harusi na ya kuvishana pete tangu mwaka 2021, haitaanza na ubora wa picha, ingawa nitaufikia. Itaanza na namna kamera hii inavyonisaidia, na pale inaposhindwa kunisaidia, kulijibu swali la yule bibi.

Kwa wasioifahamu, ni kamera iliyotangazwa Februari 2018 kwa bei ya dola 2,000 za Kimarekani bila lenzi. Ina kihisi cha picha chenye ukubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35, megapikseli 24.2, uzito wa gramu 650 pamoja na betri na kadi, na haina kile kioo cha ndani kilichokuwa kikiinuka na kushuka kila unapopiga picha katika kamera za zamani. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nikaongeza lenzi mbili, ya milimita 35 na ya milimita 85, zote zenye uwazi wa f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi. Miaka sita kabla ya hapo nilikuwa nikitumia kamera ya kioo, nzuri na imara, ambayo kila ilipofyatuliwa ilitoa mlio uliowafanya watu watatu wageuze shingo.

Mlio huo ulikuwa tabu zaidi upande wa wanaume. Mimi siingii huko; anayepiga picha za nikahi ni mtoto wa kaka yangu, ambaye nimemfundisha kazi tangu alipomaliza skuli, na siku ya harusi kamera hii huanza mikononi mwake na kumalizikia mikononi mwangu. Nikahi nyingi tunazopiga hufungwa msikitini baada ya sala ya alasiri au ya isha. Khutba inaposomwa msikiti huwa umetulia, na pale walii wa bibi harusi au wakili wake anapomshika mkono bwana harusi na kutamka maneno ya kuozesha, naye bwana harusi akajibu kwa kukubali, jambo lote halifiki dakika moja. Ni picha ambayo familia itaitazama kwa miaka hamsini, na ni wakati ambao mlio wa kamera ni utovu wa adabu. Sony A7 III inaweza kupiga picha bila sauti yoyote kwa kutumia shata ya kielektroniki, badala ya shata ya kawaida, lile pazia la ndani linalofunguka na kufungwa kwa mlio, na katika hali hiyo kijana wangu hukaa magoti karibu na walii, akapiga picha hamsini, na sheha, kiongozi wa mtaa, aliyekaa pembeni yake asijue kwamba kazi imeanza. Maimamu wawili ambao zamani walikuwa wakituruhusu kupiga picha baada ya khutba tu, sasa wanamwacha akae tangu mwanzo.

Lakini ukimya huo una masharti, na anayenunua kamera hii kwa ajili ya kazi ya harusi ayajue kabla hajaharibikiwa. Shata ya kielektroniki haimulikiki kwa flashi kwenye kamera hii. Flashi haiwaki kabisa. Tena kihisi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, badala ya kuichukua yote kwa mara moja, na taa nyingi za misikiti na kumbi zetu, hasa tyubulaiti na taa za LED za bei nafuu, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Jicho halioni jambo hilo, kamera inaliona. Nikahi ya kwanza tuliyoipiga kwa ukimya ilirudi na michirizi ya kiza iliyopita juu ya kanzu nyeupe kama kivuli cha pazia la mianzi, kwa sababu tulikuwa tumeweka kasi ya 1/250 ya sekunde bila kuelewa. Dawa yake ni kuteremsha kasi hadi 1/100 au 1/50, ambapo kila mstari unapokea mzunguko kamili wa taa, na kumtegemea mwenye kamera asitikise mkono. Hapo kidhibiti cha mtikisiko kilichomo ndani ya mwili wa kamera husaidia sana, ila hakimzuii bwana harusi kutikisika, kwa hiyo kijana wangu hungoja mikono itulie ndipo abonyeze.

Upande wa wanawake nilifikiri mwanzoni kwamba ukimya ungekuwa neema vile vile. Nilikosea, na aliyenionyesha kosa langu ni mama mmoja wa makamo huko Kikwajuni, katika sherehe ya kuvisha pete. Watu wa upande wa mwanamume walikuwa wamefika na sinia zao, mama mkwe mtarajiwa amekaa tayari kumvisha binti pete, nami nikawa nazunguka chumbani nikipiga picha kimya kimya. Mama yule akanishika mkono kwa upole, akaniambia: "Dada, mimi siwezi kujua umenipiga au hukunipiga." Alikuwa amekaa kichwa wazi. Kamera yenye sauti humpa mtu habari. Akisikia, anaweza kuvuta mtandio wake, kugeuza uso, au kuniambia nifute. Kamera isiyo na sauti inamnyang'anya nafasi hiyo. Tangu siku ile, nikiingia chumba cha wanawake narudisha shata ya kawaida yenye mlio, na nawaambia wazi kwamba kila wakisikia mlio huo picha imepigwa. Kitufe kimoja nimekipangia kazi hiyo ya kubadili, kwani menyu ya kamera hii ni ndefu na mambo yake yamefichwa mbali, na bila kupanga vitufe vyako mwenyewe utakuwa unatafuta jambo wakati kinamama wanapiga vigelegele.

Jambo ambalo kwangu limeipa kamera hii thamani kuliko yote ni nafasi zake mbili za memori kadi. Wapiga picha wengi huzitumia kama kinga, yaani picha ile ile iandikwe kwenye kadi mbili ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Mimi nazitumia hivyo, lakini kwa ziada. Usiku wa harusi ukimalizika, kabla sijavaa baibui langu, natoa kadi moja na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi mwake, mbele ya watu wake. Anajua kwamba kila nilichokipiga kipo pale, na kwamba siwezi baadaye kumwambia picha fulani haikuwapo. Kadi ya pili naondoka nayo kwenda kusafisha rangi na kuchagua, kwenye kompyuta ambayo sijaiunganisha na intaneti. Nikipeleka albamu, naipeleka na kadi hiyo pia. Nimeanza utaratibu huu kwa sababu ya msiba uliozipata familia mbili ninazozifahamu, ambazo picha za mabinti zao chumbani zilionekana kwenye simu za watu wasiowahusu. Mpiga picha wa kazi ile simtaji, na sidhani kuwa alikusudia ubaya, lakini binti mmoja kati ya wale hakutoka nje kwa wiki nyingi.

Hapa naomba niseme neno kuhusu kufuta, maana wateja wengi hudanganywa bila ya mpiga picha kujua kwamba anadanganya. Kuifomati kadi kwenye kamera hakuondoi picha. Kunaondoa orodha ya picha tu, na mtu mwenye programu ya kawaida ya kurejesha mafaili anaweza kuzirudisha nyingi kati yake hadi pale kadi itakapoandikwa vitu vingine juu yake. Familia inayotaka picha zifutwe kweli, naijaza kadi ile kwa video ya ukuta mpaka iseme imejaa, ndipo naifomati tena. Inachukua muda, nami naufanya. Vile vile kamera hii ina Wi-Fi na Bluetooth, na inaweza kupokea kutoka kwenye simu habari za mahali ulipo na kuziandika ndani ya picha. Yote hayo nimeyazima kwa kuiweka katika hali ya ndegeni tangu siku niliyoinunua, na sijawahi kuyahitaji.

Kasoro ya nafasi hizi mbili ni kwamba hazilingani. Ya kwanza inakubali kadi zenye kasi za UHS-II, ya pili ni ya UHS-I tu, iliyo pole zaidi, na unapoandika kwenye zote kwa pamoja kamera huenda kwa mwendo wa ile iliyo pole. Kwa kazi ya chumbani hilo halinisumbui. Linanisumbua wakati mmoja tu, ninapopiga picha nyingi kwa mfululizo, nao ndio wakati mkubwa kuliko yote ya siku.

Wakati huo ni wa kumpa mkono. Bwana harusi anafika nyumbani kwa kina bibi harusi akisindikizwa na watu wake, amevaa joho na kilemba au kofia ya vito. Njia inafunguliwa kwake katikati ya kinamama waliokwisha kujifunika, anaingia chumbani, anaweka mkono wa kulia juu ya paji la uso wa mkewe na kumsomea dua. Mlango ni mwembamba, watu wamejazana, simu zimeinuliwa juu, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba ambamo hakuna pa kurudi nyuma. Lenzi ya milimita 35 ndiyo inayotosha hapo. Kamera hii hutafuta jicho la mtu na kulishika fokasi lenyewe, na toleo la programu ya ndani lililotoka Aprili 2019 liliiboresha kazi hiyo hivi kwamba huhitaji tena kubonyeza kitufe chake maalumu. Kwa bwana harusi inafanya kazi vizuri sana. Kwa bibi harusi wetu inapata shida, kwa kuwa bibi harusi aliyelelewa vyema ameinamisha macho, na juu ya hayo ana shela. Isipoliona jicho inashika uso, na isipouona uso inaweza kushika mkono wa bwana harusi, au ushanga wa shela yenyewe. Nimejifunza kuondoa utafutaji wa jicho kabla hajaingia, nikaweka alama ndogo ya fokasi pale paji la uso litakapokuwa, na kungoja. Sikatai kuwa ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba sifa iliyotangazwa sana inakaa pembeni wakati huo, lakini baada ya harusi zaidi ya sitini naiona ni tofauti kati ya haya ya bibi harusi wetu na uso ulio wazi ambao sifa ile imefanyiwa.

Rangi zinahitaji maelezo, maana ndizo wateja wanazozilalamikia au kuzisifu bila kujua majina yake. Harusi zetu zina nyeupe nyingi, kanzu na asumini, na zina ngozi za kila namna, nyeusi ya makaa hadi maji ya kunde na nyeupe ya Mwarabu, mara nyingi katika picha moja. Ukiiachia kamera ijiamulie mwanga, itaziona kanzu ishirini na kuipunguza picha nzima, na nyuso za wazee zitaingia kizani. Mimi nawasha mistari ya pundamilia kwenye kidirisha cha kutazamia, ile inayoonyesha mahali palipozidi mwanga, nikaupandisha mwanga mpaka ukingo wa kanzu uanze kuonyesha mistari, kisha nikarudi nyuma kidogo. Picha ghafi za kamera hii, yaani mafaili ambayo kamera haijayasafisha yenyewe, zina uvumilivu mkubwa upande wa kiza. Uso uliofichika unaweza kuinuliwa baadaye bila kuwa na chembechembe nyingi. Piko nyeusi na hina nyekundu juu ya mkono mmoja hubaki mbalimbali, jambo ambalo kamera yangu ya zamani ililichanganya. Tatizo liko kwenye kumbi za siku hizi, ambako wapambaji wamependa taa za zambarau na buluu. Mizani ya rangi ya kujiendesha haiwezi kuzifahamu taa hizo, na hakuna kamera niliyoijaribu inayoziweza. Naweka mizani kwa mkono, namulika uso kwa flashi iliyoelekezwa darini, na nimeanza kuwaomba wapambaji kwa heshima waache taa nyeupe moja juu ya jukwaa.

Nje ya nyumba, kazi ni fupi kuliko watu wanavyofikiri. Maharusi wengi hutaka picha za jioni Forodhani, au mbele ya milango ya nakshi ya Shangani na Hurumzi, au kwenye magofu ya Mtoni. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na hata katika miezi linapochelewa halifiki saa 1, na baada ya kuzama kiza hakichukui nusu saa kufika. Dakika zile zile ambazo mwanga ni mzuri ndizo ambazo adhana ya magharibi inakaribia, na mimi siwezi kumchelewesha bwana harusi na sala kwa ajili ya picha. Kwa hiyo tunapiga kwa dakika ishirini, tunaacha, na baada ya sala tunaendelea kwa mwanga wa taa za barabarani. Hapo ndipo kihisi kikubwa kinapolipa gharama yake: kwa ISO 6400, yaani usikivu wa mwanga uliopandishwa sana, na lenzi ya f/1.8, picha za vichochoroni usiku hutoka safi kiasi cha kuchapishwa kwenye karatasi ya A3. Zamani nilikuwa nikifunga kamera baada ya magharibi.

Betri yake, NP-FZ100, imepimwa na watengenezaji kwa picha 710 ukitumia kioo cha nyuma na 610 ukitumia kidirisha, lakini kwa namna ninavyopiga, picha kadhaa kwa mfululizo, betri mbili zinanitosha tangu hina mpaka kumtoa bibi harusi ukumbini. Tena inachajiwa kwa waya wa USB kutoka kwenye pawabenki. Wageni wanaweza kuliona hilo ni dogo. Sisi tulioishi katika Unguja isiyo na umeme kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika umeme unaopitia waya wa chini ya bahari kutoka Bara, tunakumbuka harusi zilizofanywa kwa mngurumo wa jenereta na wapiga picha waliokwenda kuomba kuchaji hotelini.

Kioo cha nyuma kinainuka na kuinama, lakini hakigeuki pembeni, na ubora wake wa kuonyesha ni mdogo. Usihukumu ukali wa picha kwa kukitazama. Kwenye chumvi ya bahari na mchanga wa Paje siiamini kamera yoyote, nayo hii naifunga kitambaa. Wakati wa masika naihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kwani ukungu ukiota ndani ya lenzi kuutoa ni gharama. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia uani, iache kamera ndani ya mkoba kwa robo saa, la sivyo lenzi itajaa mvuke wakati msafara wa bwana harusi umefika mlangoni.

Wengine huniuliza kama wasubiri wapate A7 IV, iliyotangazwa Oktoba 2021, yenye megapikseli 33 na kioo kinachogeuka kila upande. Ni kamera bora, sina shaka. Lakini albamu za wateja wangu hazihitaji megapikseli 33, mafaili makubwa yatanilazimu kununua kadi na diski zaidi, na tofauti ya bei inanunua lenzi ya milimita 85 pamoja na flashi mbili. Kwa anayeanza kazi hii Unguja au Pemba, nashauri atafute A7 III iliyotumika vizuri na aulize shata imefyatuliwa mara ngapi. Watengenezaji wanaikadiria mara 200,000, na picha za kimya hazimo katika hesabu ya uchakavu huo. Akague pia milango ya kadi, kwani kamera yenye nafasi moja mbovu imepoteza nusu ya faida niliyoieleza.

Bibi mmoja wa Malindi aliwahi kunionyesha picha yake ya harusi iliyopigwa Capital Art Studio, ile studio iliyofunguliwa mwaka 1930 hapa mjini. Alikuwa amekwenda huko na mumewe siku kadhaa baada ya harusi, wamekaa wima, hawatabasamu. Nilimwuliza kwa nini hakuna picha ya chumbani. Akasema hakukuwa na mtu wa kuipiga, kwa maana kwamba wenye kamera walikuwa wanaume. Mjukuu wake ndiye niliyempiga picha mwezi wa Rajabu uliopita, akiwa amekaa juu ya kitanda cha besera na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kifuani, na kadi ya usiku ule ilikabidhiwa kwa bibi huyo, naye akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kamera yangu imekwisha kufyatuliwa mara 160,000 na kidogo. Kabla ya harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ambazo tayari zimeniandikia wikiendi tatu, nitanunua nyingine ya aina hii hii iliyotumika, ili mtoto wa kaka yangu asilazimike tena kuja mbio kwa vespa kutoka msikitini kuniletea hii.